Kiti cha Kushoto

Kazi yangu ni kukaa kiti cha kushoto.
Miaka kumi na tisa, Kizota,
vumbi likiingia kwa dirisha lisilofunga,
fomu pajani, kalamu sikioni,
namwambia mtu nisiyemjua: haya, twende.

Wanakuja na mashati yaliyopigwa pasi.
Alama za barabarani wanazijua zote.
Zamani niliwatahini kwa gia. Siku hizi
nangoja tuanze kushuka mteremko wa Mlimwa,
nasema ghafla: simama.
Hapo ndipo ninapomfahamu mtu.

Jumamosi mgombea alikuja Kibaigwa.
Magunia ya mahindi yakawa jukwaa.
Akasema adui akigusa mpaka wetu
atamfuata mpaka chumbani anakolala,
na vijana wakapiga miluzi, na mimi
mkono wangu, nakiri, ulipiga makofi kabla sijauambia.

Nhonya Mwaluko, muuza mlenda mkavu,
akasimama na ungo wake kiunoni:
"Mheshimiwa, umewahi kuongoza nini
kinachoweza kufa?"
Akataja chama cha ushirika. Akataja kamati mbili.
"Hata mbuzi?" mtu akapaza sauti huko nyuma,
na soko zima likacheka, na yeye akacheka,
na swali likafia kwenye kicheko hicho.

Nilirudi nalo nyumbani.
Kumchoma ng'ombe sindano, unatakiwa cheti.
Kuendesha trekta Hombolo, upite kwanza kwangu.
Kuwaambia watoto wa watu "nendeni",
inatosha kupendwa.

Kaka yangu Lechipya aliambiwa "nendeni"
mwaka ule wa sabini na nane.
Mguu namba saba, akapewa buti namba kumi,
akazijaza matambara ya kanga ya mama.
Barua yake moja tuliyoipata
haikutaja adui popote. Ilitaja malengelenge.
Nani alisaini buti zile? Aliwahi kutembea
hata kutoka Mpwapwa mpaka Gulwe?

Jirani yangu, kapteni mstaafu Masima,
anasema dawa ni rahisi:
kila anayetaka ikulu apite kwanza kambini,
alale kwenye tope, ashike bunduki, apewe alama.
Nikasema sawa. Usiku upepo wa Julai
ukayumbisha bati, nikaamka sina raha.
Nani atakaa kiti cha kushoto?
Mwenye bunduki akishika na kalamu
atawafelisha wote, mmoja mmoja,
mpaka abaki yeye na usukani.

Tena namkumbuka Chibago.
Tisini na nane kwa mia, sijampa mtu tena alama zile.
Ndiye aliyeliangusha basi pale Nala.
Gari alilijua mno
hata akaacha kuliogopa.

Basi mtihani wangu ungekuwa huu, kama ningeulizwa,
na sitaulizwa:
akae usiku mmoja, peke yake, na taa ya chemli,
aandike kwa mkono wake majina ya vijana
wa kata moja tu, tuseme Ng'hambi,
asikosee herufi, na Ng'hambi yenyewe aipatie.
Kukipambazuka, wino haujakauka,
nimwambie: simama.
Nitazame mguu wake.

Jumatatu alikuja kijana wa Bahi, jasho mpaka viwikoni.
Tulikuwa hatujafika hata mteremkoni
akakanyaga breki, kalamu ikaniruka.
Nikamuuliza, kuna nini?
"Mtoto," akasema.
Hapakuwa na mtoto.
Palikuwa na mpira wa makaratasi
unavuka barabara peke yake.

Tukangoja. Naam, akatokea, mbio,
kaptula imemshuka, wala hakututazama.

Breki nilimpa alama zote.
Kurudi nyuma kulimshinda kabisa.
Nimemwambia aje tena Alhamisi.