Mgeni wa Ukubwa wa Kifungo

Hilkka alilileta chini ya koti,
mfuko wa plastiki umebanwa tumboni,
basi namba nane, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
na kijana mmoja akampisha kiti akidhani ni mjamzito,
mwanamke wa miaka hamsini na sita.

Alilinunua kwa mvulana aitwaye Eeli
anayefuga bahari ndani ya sauna ya wazazi wake
(wao sasa huoga kwa jirani).
Euro ishirini na tano kwa tumbawe moja
lisilozidi kifungo cha shati,
limegandishwa juu ya kijiwe cha saruji.
Nikapiga hesabu: kwa fedha hiyo
tungepata samaki wa kula, na viazi, na chenji.

Kabla yake, wiki saba,
tulikaa tukitazama maji.
Maji na mawe. Hilkka akipima chumvi
kama mpishi aliyekatazwa kuonja,
akiandika namba kwenye mlango wa friji,
akisema, Bado hayajaiva.
Mimi ni fundi mstaafu wa mashine za karatasi,
najua kitu kikiiva. Nikanyamaza.
Pampu ikaguruma usiku kucha,
na Bwana Kuosmanen wa ghorofa ya chini
akaigonga dari yake kwa mpini wa fagio.

Jioni ile mfuko ulielea saa nzima,
maji ya ndani na maji ya nje
yakijuana hali kupitia plastiki.
Kisha mrija mwembamba, umepigwa fundo katikati:
tone.
Tone.
Hilkka akihesabu kwa midomo bila sauti.
Nikauliza, Huwezi kulimimina tu?
Akanitazama kama mtu aliyependekeza
mtoto mchanga aogeshwe ziwani mwezi wa pili.

Akapandisha mkono wa sweta, akazamisha mkono hadi kwapani,
akaliweka chini, pembeni,
kwani kilichosafiri gizani huumizwa na jua,
hata jua la kununua dukani.
Konokono mmoja akajikokota kuja kupokea.
Tumbawe likajifumba. Likawa ngumi.

Mgeni siku mbili, walisema waliotangulia,
siku ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu mgeni wetu hakuwa amefumbua hata jicho.
Siku ya tano akajivika utando kama kamasi.
Siku ya sita Hilkka akampigia simu Eeli,
naye akajibu huku anatafuna:
Usiliguse. Ukilihamisha kila siku
litadhani dunia yote ni safari.
Hilkka akaitia mikono yake mifukoni,
na hapo nikaona jinsi mikono inavyoweza kuuma
kwa kutofanya kitu.

Siku ya tisa alikuwa zamu, kiwanda cha mikate.
Mimi namenya viazi.
Nikapita mbele ya kioo, kisu mkononi,
nikarudi nyuma hatua moja.

Mdomo mmoja. Sikukosea.
Duara la kijani lenye kope za rangi ya chungwa,
dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti,
limefunguka katika mkondo wa pampu ileile
niliyoilaani kwa majina nisiyoweza kuyaandika.
Na kabla sijaweka kisu chini,
wa pili.

Sikupiga simu, kiwandani hawaruhusu.
Nikachukua bahasha ya bili ya umeme
nikaandika nyuma yake: Saa saba na dakika kumi.
Midomo miwili. Wa tatu unasitasita.
Nikavuta kiti.

Viazi vikachemka, vikakauka, vikaungua,
na Bwana Kuosmanen akaja kugonga mlango kwa ajili ya moshi.
Nikamwingiza ndani, nikamwonyesha kwa kidole, mbali na kioo.
Akainama, miwani juu ya paji,
akakaa hivyo kitambo,
kisha akauliza kwa kunong'ona,
kama mtu aliye katika wodi ya wazazi:
Huyu ndiye anayepiga kelele?