Kufa Bila F

Kopo la rangi ya viatu, rangi yake imekwisha zamani.
Ndani yake tumbaku ya Kiboriloni
na magadi yaliyopondwa kwa kitako cha chupa.
Bi Apaikunda aliliweka juu ya meza ya maabara
kama mpangaji anayerudisha ufunguo.
"Hili nalo lipimeni."

Miaka arobaini na sita, kati ya ufizi na ulimi, kushoto.
Alianza shambani, msimu wa kuchuma kahawa,
baridi ya Mwika, tumbo tupu, mtoto mgongoni.
Donge moja tu,
na njaa ilinyamaza hadi saa nane.
Nani angemkanya? Mama yake alitafuna.
Mchungaji alinusa.

Kazi yangu ni ndogo.
Nakata kinyama kilicholala ndani ya nta,
chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nakitia rangi, waridi na zambarau.
Kipande kingine huenda kwenye mashine
isomayo vinasaba herufi kwa herufi
usiku kucha, haipigi miayo.

Majibu yalipotoka nilitaka kumweleza kwa lugha ya kitabu.
Nikakumbuka huyu ni nani:
mwalimu wa kisomo cha watu wazima,
ghala la ushirika, taa ya chemli,
penseli nyekundu sikioni.
Wapo wazee Mwika wanaosoma barua za benki
kwa sababu yake.

Basi nikachukua karatasi. Nikaandika LINDA.
Neno hili, Bibi, limo katika kila chembe ya mwili.
Chembe ikigawanyika, neno linanakiliwa.
Tumbaku humgusa mwandishi kiwiko.
Si leo. Anakili sawasawa mara elfu, mara elfu tena,
halafu siku moja isiyo na jina
L inateleza:
WINDA.
Mlinzi ni yuleyule, lango ni lilelile,
ila mshale ameuelekeza ndani.

"Na hili la chini?"
La chini lilikuwa KUFA.
Chembe ikiharibika huamriwa hivyo, nayo hutii,
tukaamka wazima
bila kujua nani kafa usiku kwa ajili yetu.
Nikaikata F.
Ikabaki KUA.
Na kua, na kua,
darasa lisilo na kengele ya kutoka.

Mvua ya Aprili ilishuka juu ya bati, tukanyamaza mpaka ipungue.
"Herufi moja," alisema.
"Herufi moja mimi nilikuwa nawapa nusu maksi."
Kisha akauliza kama tuna ufutio.
Nikamwambia hatuna. Tuna kisu. Tuna mionzi, na foleni yake.

Julai alirudi, na sehemu ya ulimi haikurudi naye.
Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo darubini hailioni:
W ni ya midomo, na midomo aliachiwa.
L ni ya ulimi.
Alijaribu mbele yangu, makusudi,
mwalimu anayesahihisha daftari lake mwenyewe.
*Winda* likatoka safi.
*Linda* likatoka *inda*,
na mate, na leso.

Hakulia. Alicheka kwa mabega.
Akaashiria penseli yangu, ile nyekundu ya kuwekea alama,
akaandika L peke yake,
ndefu, imesimama wima kama nguzo ya geti.

Halafu akamgeukia Aminieli, mjukuu aliyemleta,
kijana wa watu, kimya, kofia mkononi,
mdomo wake wa chini umevimba kidogo,
kidogo tu, upande mmoja.
Akamshika kidevu.
Akakinga kiganja chini ya midomo yake
kama anavyokingiwa mtoto
aliyeokota kitu sakafuni,
akangoja.