Hesabu ya Kumi na Moja

Uwanja wa ndege wa Tbilisi, saa kumi alfajiri,
Daktari Halvorsen anawahesabu:
tisa, kumi, kumi na moja.
Pasipoti zao zimo mfukoni kifuani pake,
zimemchora jasho la mraba.
Kwao Nebraska amefundisha udongo miaka ishirini,
udongo wa kwenye slaidi, usiochafua kucha.
Safari hii amewaahidi wakuu wa chuo:
wiki tatu, alama tatu, ajali hapana.

Basi dogo likaparamia milima ya Gombori.
Dereva ana sanamu ya mtakatifu, ana na sigara;
barabara kamwachia mtakatifu.
Kiti cha nyuma, Brecken akatapika
ndani ya kofia yenye nembo ya chuo.
Tisa, kumi, kumi na moja.

Natela alikuwa amewatandikia vitanda
vya wanawe waliokwenda Poland kuendesha malori.
Picha zao aliziacha ukutani
ili mgeni ajue amelala pa nani.

Ratiba ilisema: chakula cha jioni, dakika arobaini na tano.
Zurabi, mumewe, akasimama na glasi,
akawaombea wafu, wa kwake na wa kwao,
akamuuliza kila mmoja jina la marehemu wake.
Ratiba ikalowa divai, wala hapana aliyeiokoa.
Saa saba usiku Thaddeus,
ambaye darasani hajapata kuinua mkono,
akataja jina la kaka yake.
Mkalimani alinyamaza.
Jina halikuhitaji kazi yake.

Siku ya tatu Zurabi aliwagawia majembe.
Methali hakuwa ameisikia;
alikuwa na mtungi wa lita elfu wa kuzika
na mgongo mbovu.
Wakachimba. Malengelenge yakawatoka, yakapasuka.
Shimo lilipomfika Linnea mabegani
udongo ukageuka: mweusi, kahawia,
kisha mweupe, wa chokaa, baridi kama shuka la hospitali.
Zurabi akaonja kidogo, akatema.
"Hapa palikuwa mto."
Halvorsen akapiga magoti, akaokota konokono wa jiwe.
"Bahari."
"Mto."
"Bahari, bwana!"
Wakabishana siku mbili kupitia mkalimani,
hata mkalimani akachoka, akaenda zake kuvuta,
nao wakaendelea, kila mtu na lugha yake,
bila kupoteza neno.

Jumatano ya wiki ya pili: tisa, kumi.
Kumi.
Akarudia kuhesabu, kama mtu anayepekua mfuko uleule.
Alipita kanisani, kisimani, kituo cha basi,
huku akiitunga barua kwa wazazi wa mtu.
Linnea alikuwa kwa mwoka mikate,
nusu mwili ndani ya tanuri,
anabandika unga ukutani, vinyweleo vya mkono vimeungua.
"Alinialika," akasema.
Halvorsen alikuwa na hotuba tayari,
kanuni za chuo, ukurasa wa nne.
Mwoka akamkatia mkate.
Nani anaweza kugomba na mkate wa moto mdomoni?

Ripoti zilikuja mwisho wa mwezi.
Saba waliandika kwamba maisha yao yamebadilika.
Aliwapigia mstari mwekundu: yamebadilika vipi? Toa mfano.
Brecken aliandika kuhusu kofia tu,
jinsi Natela alivyoifua mara tatu
akaianika mahali ambapo jirani wataiona.
Huyo alimpa alama ya juu.
Thaddeus hakuandika kitu. Aliomba wiki moja zaidi,
akapewa, akaomba nyingine.

Hata sasa, akipanga mayai kwenye jokofu,
akifika kumi na moja husimama,
hutazama nyuma kidogo,
ndipo aliweke la kumi na mbili.

Oktoba ilipofika, simu yake ililia katikati ya mhadhara.
Picha: mtungi umezikwa hadi shingoni,
umejaa zabibu zinazotokota,
na kando yake buti la Zurabi.
Chini, kwa herufi za Kiingereza za kuokoteza,
neno moja:
mto.