Jaribu Tena

Imeletwa kutoka Mtwara mjini ndani ya gunia la katani,
kama korosho daraja la kwanza,
na mwenyekiti akaipokea kwa saini mbili
kabla ya kuniambia: Bi Somoe, daftari lako jipya hili.

Daftari gani halina harufu ya gundi?
Miaka ishirini na sita nimekiandikia chama
vitabu vya mgongo mwekundu.
Naujua ukurasa uliolowa masika,
naujua ule aliozalia paka.

Nikaifungua polepole.
Bawaba ya kushoto inalia.
Herufi A imefutika kabisa:
aliyekuwa nayo kabla yangu aliandika nini
chenye A nyingi kiasi hicho?
Madai?
Sala?

Abilahi wa chama kikuu alikaa nami asubuhi moja.
Hapa pa chaja. Hapa pa flashi.
Kijicho hiki juu ni kamera, kizibe ukitaka.
(Nilikiziba kwa plasta akiwa bado anaongea.)
Gusa hapa kwa vidole viwili, ukurasa unapanda.
Kama kupepeta?
Kama kupepeta, mama.
Akaondoka na basi la saa nane.

Mashine ikaniomba kidole, inijue.
Nikaweka cha shahada. Jaribu tena.
Nikakipangusa kwa kanga. Jaribu tena.
Gumba. Jaribu tena.
Haijui kwamba nilianza kubangua korosho
kabla meno ya utoto hayajaniisha,
kwamba mafuta ya ganda hula ngozi,
na mistari niliyozaliwa nayo
ilibaki jikoni kwa bibi, Mkunya, majivuni.
Basi nikachagua neno la siri.
Hapa siliandiki.

Lakini kwenye F na J nikakuta vinundu,
kimoja kimoja, kama punje za ulezi.
Abilahi hakunitajia.
Vidole hivi hivi vilivyokataliwa ndivyo vilivyoviona.
Nikafumba macho, nikainua mikono, nikaishusha:
vikarudi vyenyewe pale pale,
kama miguu inavyolikwepa shimo
njia ya bombani, alfajiri, ndoo kichwani.

Kitufe cha kufuta sikukipenda.
Kitabuni kosa hulikata mstari mmoja,
ukasaini pembeni; kosa linabaki linasomeka,
mkulima analiona, nami nalionea haya.
Hapa ukila sifuri moja
kilo mia moja na kumi ni kumi na moja,
wala hapana kovu.
Nilimwambia mwenyekiti. Akacheka.
Kitabu chekundu sijakirudisha kabatini.

Jana usiku umeme ulikatika Newala nzima.
Ukungu ulikuwa umeshakaa dirishani.
Skrini ikabaki inawaka, feni ikihema,
joto lake mapajani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Nikaanza orodha ya wanachama.
Jina langu kwanza, kuuonja wino usiokuwepo.
Mstari mwekundu ukajikunjakunja chini yake.
Chihipu. Mstari.
Chitanda. Mstari.
Likoko, mwenye ekari tisa na makaburi ya babu zake ndani yake,
mstari.

Kosa, kosa, kosa, inasema mashine,
watu hawa hawajaandikwa sawasawa.

Nikabonyeza upande wa kulia, nikashuka
hadi maneno ya mwisho kabisa,
madogo, ambayo Abilahi hakuyafikia:
Ongeza kwenye kamusi.
Nikamwongeza Chihipu. Mstari ukaondoka.
Nikamwandika mara ya pili, kuihakikisha.
Ikanyamaza.
Chitanda nikamwongeza. Likoko.
Litunungu ikampinga, nami nikaiambia kwa sauti,
peke yangu ofisini: jaribu tena.

Wako mia nne na kumi na wawili.
Langu nimeliacha na wekundu wake, nitaliongeza la mwisho.
Betri asilimia sita.
Tumefika Mchopa.