Kwa Leland, Kabla ya Jumamosi

Usivae viatu vipya, Leland.
Chuo kile kimekaa juu ya kilima,
na theluji ya Februari huko Iowa huyeyuka mchana,
jioni ikaganda, ikawa kioo.
Mimi nilivaa visigino vya kuazima kwa shangazi Verna,
nikapanda ngazi za maktaba kama ndama wa siku moja.
Vaa vile vyeusi vya kanisani.
Vipige rangi usiku, si asubuhi,
mkono wako usije ukanuka wakiupokea.

Koti la babu liko mlangoni. Nimelipunguza mikono.
Ndani, kushoto, kuna mfuko mdogo
wenye tiketi ya mnada wa ng'ombe
wa mwaka ambao mimi sijazaliwa.
Usiitoe. Ukikosa pa kuweka mkono, ishike.

Tai ni ya bluu.
Ile nyekundu ina mchuzi wa harusi ya Darlene.

Sasa yatakayokukuta.
Saa mbili watakubandika jina kifuani.
Watalikosea, Vavra litakuwa Varva.
Wasahihishe mara moja. Mara ya pili waache,
siku ni ndefu.
Atakuja kijana mwenye sauti ya tarumbeta
awatembeze akienda kinyumenyume,
akisifu bwawa la kuogelea, akisifu kengele,
akisifu mpaka mashine ya kukausha nguo.
Muulize Jumapili usiku, jiko likifungwa, yeye hula nini.
Utamwona anasimama.
Hilo hawakumfundisha.

Kisha watawatenga na wazazi.
Mama ataingizwa chumba cha mahesabu
na atatoka akitabasamu.
Tabasamu hilo nalijua: ndilo alilompa mtu wa benki
alipokuja kuhesabu matrekta.
Usimuulize hapo. Ngoja garini,
ngoja hata mvuke uondoke kwenye kioo.

Chakula cha mchana, uma utaona zaidi ya mmoja;
anza na ulio nje.
Tambi usiguse.
Kando yako atakaa binti aliyekwisha zuru vyuo tisa,
aliyeanzisha shirika la kuokoa mito.
Kila ndege huruka kwa ubawa wake, wanasema,
ila wapo wanaoruka kwa tiketi.
Mpitishie chumvi. Ana hofu kuliko wewe.

Saa nane, mlango wa mwisho ukumbini.
Watatu: mwanamke wa kemia,
mzee wa historia,
na mmoja asiyesema, anayeandika tu.
Watakuambia, "Tueleze siku uliyoshindwa."

Mimi niliwapa mashindano ya tahajia, darasa la sita.
Uongo mtupu, Leland. Yale nilishinda.
Niliona haya kuwaambia kwamba nilisahau lango,
usiku ule wa Novemba,
na ndama saba wakatoka hadi barabara kuu.
Wewe ulikuwa na miaka tisa, uliambiwa ni upepo.
Baba ndiye aliyesema ni upepo,
akiwa amesimama kwenye taa za lori, kofia mkononi,
na hajabadilisha neno hilo hata leo.

Barua yangu ilikuja nyembamba.
Siwezi kuapa kwamba ndama wale wangenipa ufadhili.
Labda wangenihurumia tu, na huruma hailipi ada.
Sasa napima mahindi ghala la ushirika,
najua unyevu wake kwa kuyatia jino,
na wiki nyingine siukumbuki hata ule mlango.

Nilichokuwa nataka kusema ni soksi.
Mbili zinazofanana, ndefu,
ukikaa mguu usionekane.
Ziko juu ya mashine ya kufulia.

Na ukirudi, usianze na waliyokuahidi.
Niambie kwanza kama yule mzee wa historia
bado anavaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko.
Nililitazama tundu lile dakika ishirini nzima,
Leland,
na macho yake sikuyaona.