Sahani ya Alhamisi

Alhamisi, baada ya alasiri,
Lindinalva alikuja uani kwetu Muyuni
na sahani ya mahindi ya kuchemsha,
juu yake nazi, si ya kukuna: vipande,
vimepangwa kama meno ya mtoto.
Miezi mitano anahesabu kima punju mwituni,
Kiswahili chake bado kina chuya.
"Nataka pa kuweka," akasema. "Si ya watu."

Mjomba Hasnuu akaacha kushona kiatu.
"Umetia asali?"
"Hapana. Asali ni mwiko wake."
Hapo ndipo alipokaribishwa mkeka.
Mwenye mwiko si wa mchezo.

Akaeleza: kwao Bahia, ng'ambo ya bahari nyingine,
yuko msasi, mwenye misitu,
aliyevuka pamoja na waliofungwa minyororo,
asiandikwe katika daftari la nahodha.
Oshosi, jina lake.
Upinde anao. Mshale, mmoja.

"Mmoja?" Mjomba akacheka hadi akakohoa.
"Sisi tulikuwa na nyavu kumi na mbili
na mbwa saba: Tutaona, Hasidi, Sinamwenzangu,
wengine nimewasahau, wanisamehe.
Marehemu Mize akinizuia mlangoni
nijioshe mara saba, moja kwa udongo.
Na bado paa nunga alinipita katikati ya miguu!
Huyo wako akikosa je?"

"Alikuwa nao mmoja tu.
Ndiyo maana hakukosa."

Jirani alikuwa akitwanga. Akaacha.
Mjomba akatafuta fimbo yake.

Tulimfuata juu ya mawe makali,
tukaipita migomba ya mwisho, tukaingia kwenye milapaa,
ambako hajakanyaga tangu bwana misitu apige marufuku.
Mdomoni mwa pango, kitambaa chekundu
kilichochakaa hata si chekundu tena.
Akapiga hodi mara tatu,
kwa sauti ya mtu anayedaiwa.
"Mgeni wetu ana mgeni wake.
Sijui mtasikilizana kwa lugha gani.
Ya kuvizia, labda. Ile haina maneno."

Asubuhi sahani ilikuwa tupu.
Komba, nikasema mimi.
Lindinalva hakusema.
Mjomba alikuwa ameinama pembeni, penye udongo kidogo,
anatazama alama ya kwato
ndogo kama kokwa mbili za tende, mbichi,
ncha zake zikielekea ndani.

Akaifunika kwa jani.
"Hii usiiandike," akamwambia.
"Huku kwetu wamebaki wenye mishale mingi."