Mlio Usiokatika

Fundi Aminieli aliniachia maelezo
nyuma ya risiti ya saruji, mwandiko wa haraka:
tii moja, mlango umefunguliwa;
tii mbili, mtambo umelala; tatu, uko macho;
king'ora, jifungie chumbani, piga simu.
"Utazoea, mama," akasema, akawasha pikipiki,
akapotelea kwenye vumbi la Rau.

Nizoee nini, Aminieli?
Miaka thelathini na mmoja nimekesha na milio.
Wodini, kabla ya alfajiri, nilijua
kwa sikio tu, vitanda nimevipa mgongo,
nani dripu yake imekwisha,
nani amejigeuza akaulalia waya wa kidole,
na nani anaondoka.

Wiki ya kwanza alikuja tumbili kutoka msituni.
King'ora kikalia, mtaa ukatoka na marungu,
mzee Kileo na panga na soksi moja;
juu ya ukuta, ndizi yangu mkononi,
mwizi akatutazama kama mjumbe
aliyeitwa kusuluhisha.

Wiki ya pili: tik.
Kila dakika, tik, nyenje mwenye adabu.
Nikapekua chini ya kabati, nyuma ya friji,
hadi nikakikuta kile kidude cha darini kinachonusa moshi
(na Moshi yote hii, kinanusa nini?).
Betri. Kilikuwa kinaomba kula, basi.
Kichanga hulia hivyo hivyo
kabla hajajifunza hasira.

Lakini usiku wa jana, mvua ya masika, saa tisa,
ulikuja usioandikwa kwenye risiti:
mwembamba, mrefu, umenyooka kama uzi,
tiiiiiiiiii
nikajikuta nimesimama peku juu ya sakafu baridi,
kiganja juu ya kiganja, viwiko vimekazwa,
natafuta kifua cha kukandamiza.
Kitandani palikuwa na bonde moja tu, langu.

Nikampigia fundi. Akapokea kwa sauti ya usingizini:
"Huo? Umeme umekatika, mama. Ndiyo maana yake tu."

Ndiyo maana yake tu.
Mlio usiokatika: umeme umekatika.

Nikawasha tochi ya simu, nikatafuta peni,
nikaongeza chini ya mistari ya Aminieli
kwa mwandiko wangu wa mafaili:
*Mrefu: si mtu.*

Kisha nikavuta kiti,
nikakaa chini ya kile kitaa chekundu
mpaka umeme uliporudi.
Mazoea. Zamu yangu
hatukumwacha yeyote aondoke peke yake.